Saksafoni ya soprano ya kupinda: kabla hujatoa hela yako soma hapa kwanza

Jumamosi iliyopita nilikuwa na kazi ya harusi ukumbini Sinza, nimeshuka jukwaani hata mkanda sijavua shingoni, kijana mmoja wa matarumbeta akanifuata. "Kaka, hiyo alto ndogo hivo umeipata wapi?" Nikamwambia hiyo sio alto, ni soprano, ila imepinda. Akaishika akaigeuza geuza kama mtu anayekagua simu anayotaka kuinunua, akaweka vidole, akafungua na kufunga funguo mbili tatu, alafu akaniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi sana mwaka huu: na mimi naitaka, shingapi, na ntajuaje kama sijapigwa?

Bei ntakuja kuisema. Hilo la kupigwa ndo limenifanya niandike kwa kirefu, maana mimi mwenyewe nilipigwa, na nilikuwa nimeshapuliza alto kanisani miaka sita, sio kwamba nilikuwa mgeni. Soprano ni chombo kingine, inakudai vitu ambavyo alto inakusamehe, na soprano ya bei rahisi inaweza kukuvunja moyo ukadhani tatizo ni wewe.

Tuanze na chenyewe. Saksafoni aliibuni Adolphe Sax, mzaliwa wa Dinant kule Ubelgiji, akapata hataza yake Paris mwaka 1846, na toka mwanzo aliifikiria kama ukoo mzima, kubwa mpaka ndogo. Huku kwetu wengi tunazijua mbili tu, alto na tenori, ndo hizo wazee wa dansi wanaita mdomo wa bata, ukisikiliza Msondo au Sikinde utazisikia zinajibizana na tarumbeta mpaka raha. Soprano iko juu yao. Ni ya Bb kama tenori, ila okteva moja juu, na bomba lake likinyooshwa halizidi sana sentimita 65. Wengi mmeiona ile ya kunyooka, ile ya Kenny G, inayofanana na klarineti ya dhahabu. Ya kupinda ni bomba lile lile limekunjwa likawa na umbo la alto, ukiiona kwa mbali unadhani ni alto ya mtoto. Vidole ni vile vile na noti ni zile zile.

Sasa kwa nini nihangaike na ya kupinda wakati za kunyooka ndo zimejaa madukani? Kwangu sababu kubwa ni sikio. Soprano ya kunyooka sauti yake nyingi inakwenda mbele na chini kuelekea sakafuni, ukisimama kwenye ukumbi wenye spika kubwa unajisikia kwa mbali. Ya kupinda, beli yake, yani ule mdomo mpana, inaangalia juu na mbele, iko karibu na uso wako, kwa hiyo unachopuliza unakisikia hapo hapo, na kwenye soprano kujisikia ni nusu ya kazi kwa sababu noti zake zinayumba haraka kuliko za alto. Watu wanasema ya kupinda ina sauti ya joto zaidi. Mimi naamini sehemu kubwa ya hilo joto analisikia mpulizaji, msikilizaji aliyekaa meza ya nyuma hatofautishi sana, lakini mpulizaji akijisikia vizuri anapuliza vizuri, na hicho msikilizaji anakipata. Alafu kuna maiki. Kwenye ya kupinda unabana maiki ndogo kwenye beli kama alto, imekwisha, unatembea na maharusi mpaka mlangoni. Kuna na kidole gumba cha kulia, ya kunyooka ukiishika mbele bila mkanda saa mbili nzima kidole kinawaka moto. Hii inaning'inia shingoni, mikono iko huru.

Wapo wakubwa waliofanya makubwa na ya kunyooka, Sidney Bechet, Coltrane, Steve Lacy, siwezi kuidharau hata kidogo. Ila msikilize Jan Garbarek wa Norwe, anayepuliza ya kupinda, ile sauti yake inayolia kama mtu anaita kutoka mlima wa pili. Huyo ndo aliyenitia wazimu wa hiki chombo.

Kitu kimoja kwa wanaohama kutoka alto kabla hatujaenda mbele. Alto ni Eb, soprano ni Bb, yani ukipiga C yako, kwenye piano ndo noti hiyo inayosikika. Mpiga kibodi akisema tunapiga F, wa alto anapiga D, wewe wa soprano unapiga G. Magitaa wakitaka E yao wanayoipenda, wewe uko F#, shapu sita hizo, kaa ujiandae nyumbani. Faida yake ni kwamba tarumbeta na tenori nao ni Bb, kwa hiyo karatasi yao ni yako.

Sasa kisa changu. Niliinunua mpya, kwenye duka moja hapa mjini, silitaji jina. Ilikuwa nyekundu ya kung'aa na funguo za dhahabu, kesi ngumu, glavu nyeupe, kitambaa, ridi moja, ule ulimi mwembamba unaotetemeka, na mauthipisi ya plastiki ndani, yani kile cha kuwekea mdomo. Laki tisa. Dukani nikapuliza kama dakika kumi, nikapiga G, A, B za katikati, zikatoka tamu, nikapiga kipande cha pambio, muuzaji akapiga makofi, nikalipa. Zile noti za katikati ndo zilizoniuza, kwa sababu soprano yoyote, hata mbovu, G na A za katikati zitatoka tamu. Hapo sio pa kupimia kabisa.

Alhamisi mazoezini tukaanza wimbo kwenye F. Mpiga kibodi wetu ni mtu mpole, hajawahi kumpandishia mtu sauti, lakini nilipofika kwenye D ya juu, ile ya ufunguo unaobonyezwa na kiganja, aligeuza shingo akanitazama. Hakusema kitu. Nikarudia, akageuka tena. Nikavuta mauthipisi nje kidogo, ile D ikakaribia lakini noti za chini zote zikashuka. Nikaisukuma ndani, za chini zikakaa, D ikaruka. Kwaya nzima imekaa kimya inanisubiri, na mimi jasho linanitoka.

Nyumbani nikafungua tyuna ya simu, ile ya kupima kama noti iko sawa. Hapa nieleze kidogo, senti ninazosema sio za hela, nafasi ya kutoka noti moja mpaka jirani yake imegawanywa mafungu 100 na kila fungu ndo senti. G ya chini ilikaa sawa kabisa. D ya kati imepanda senti 25. D ya kiganja imepanda 45, yani karibu nusu ya safari ya kuwa noti nyingine. Alafu C# ya kati, ile ambayo vidole vyote vimeachia, imeshuka 30. Chombo kimoja, kinapanda huku kinashuka kule.

Nikampelekea mzee mmoja fundi ambaye zamani alikuwa anapuliza tenori kwenye bendi. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, hebu lete nikione. Hakuigusa saksafoni kwanza. Akaniambia toa mauthipisi, puliza yenyewe tu mkononi, na simu iweke tyuna. Nikapuliza, ikatoka D. Akatikisa kichwa. Akasema mauthipisi ya soprano ikipulizwa peke yake inatakiwa itoe C, C ya piano, ya alto inatoa A, ya tenori inatoa G, wewe unaiuma kama unakula muwa, ndo maana unapanda. Legeza taya, pembe za mdomo shika, katikati acha. Ilinichukua nusu saa nzima pale kwenye kigoda chake kuishusha mpaka C, na niliporudi kupima, D ya kiganja ilikuwa imeshuka kutoka 45 mpaka 30. Kwa hiyo sehemu ilikuwa yangu, nakiri. Lakini C# nayo ikazidi kuzama, na hilo halikuwa la taya.

Alafu akafanya kitu ambacho nataka kila mtu akijue. Akafunga dirisha na pazia, chumba kikawa giza, akatoa kwenye droo waya wa zile taa ndogo ndogo za Krismasi, zile za betri, akauteremsha taratibu ndani ya bomba kutokea kwenye beli mpaka ukapita kona. Kwenye ya kunyooka unaweza kutumia taa ya fimbo, kwenye ya kupinda haipiti, lazima iwe waya laini. Akaziwasha, akawa anafunga funguo moja moja kwa kugusa tu, bila kukandamiza, maana ukikandamiza hata pedi mbovu, ule mto wa ngozi unaofunika tundu, inaziba. Kwenye pedi ya G# nikaona uzi mwembamba wa mwanga, kama mlango ambao haujafika kwenye fremu. Na pedi ya B ya chini vivyo hivyo, upande mmoja. "Hizi," akasema, "nakufungia leo leo, elfu thelathini." Alafu akawasha taa ya chumba, akaweka kucha kwenye tundu la juu la ile D. "Hili hapa siliwezi. Limetobolewa pale lilipotobolewa."

Hilo ndo jambo nililolipata kwa laki tisa na nataka wewe ulipate bure. Kuna ubovu wa kutengenezeka na kuna ubovu wa kuzaliwa nao. Pedi inayovuja, springi iliyolegea, koki ya shingoni inayoshika mauthipisi iliyokauka, funguo inayogonga, hivi fundi anavimaliza kwa hela ndogo. Tundu lililokaa milimita mbili sipo, au bomba ambalo upana wake haukukua sawasawa kutoka shingo mpaka beli, hivyo huvitengenezi. Fundi anaweza kupunguza uwazi wa pedi noti ikashuka kidogo, anaweza kuweka nta upande mmoja wa tundu, ila mara nyingi ukiishusha D ya juu na jirani yake naye anaondoka, na sauti inakuwa imefunikwa kama mtu anaongea na mkono mdomoni. Na kwenye soprano hayo mambo yanaonekana zaidi kwa sababu bomba ni dogo, milimita moja ya kosa kwenye tenori inapotea, kwenye soprano inasikika mpaka nje.

Kwa hiyo ukienda kununua, ufanye kinyume na nilivyofanya mimi. Usiangalie rangi wala kesi. Nenda na mauthipisi yako unayoijua kama unayo, au azima ya mtu, nenda na ridi mpya, na tyuna kwenye simu. Pasha chombo moto kwanza kwa kupuliza dakika tano, chombo kikiwa cha baridi kinashuka kitakudanganya. Weka sawa A au G ya katikati, alafu mauthipisi usiiguse tena. Sasa anza na okteva: D ya chini, D ya kati, D ya kiganja. Fumba macho ukipuliza, fungua ukishasimama kwenye noti, la sivyo mdomo wako utaifuata sindano ya tyuna bila wewe kujua. Fanya hivyo hivyo E, F, G. Alafu C# ya kati ya vidole wazi, usiisahau hiyo, ndo chombo cha bei rahisi kinapojisema. D ya kati kupanda kidogo ni tabia ya karibu saksafoni zote, senti 10 mpaka 15 mdomo unaibeba bila shida. Ukiona 30 kwenda juu, na umeshahakikisha taya yako kwa kile kipimo cha C, mrudishie mwenyewe kwa adabu, mshukuru, ondoka.

Ukimaliza hapo shuka chini. B na Bb za chini kwenye ya kupinda zina ugonjwa wa kutetemeka, sauti inagurugura kama maji yanachemka. Mara nyingi ni uvujaji wa pedi kule juu, kwa hiyo isikutishe kabla hujaweka taa. Lakini kuna zingine hata zikizibwa vizuri bado zinatetemeka, hapo watu wanatumbukiza kile kifuniko cha mauthipisi ndani ya beli, kinakaa chini kwenye kona, na sauti inatulia. Nimejaribu, inafanya kazi, ila kama chombo hakifiki chini bila hicho kifuniko, bei ishuke.

Haya, bei na aina.

Juu kabisa kuna Yanagisawa ya Japani, hao soprano ya kupinda wanaijua sana, na mpya yao inazidi dola 3,000. Sizungumzii hiyo, siwezi, na wengi wetu hatuwezi. Ila ukipata nafasi ya kuipuliza ya mtu, ipulize, usiogope, ili masikio yako yajue kipimo kiko wapi. Yamaha soprano zao ninazozijua ni za kunyooka, zingine shingo tu ndo inainama kidogo, kwa hiyo ukiletewa iliyopinda kabisa imechorwa Yamaha, jiulize mara mbili.

Chini yake kuna za Taiwan. Kule kuna eneo linaitwa Houli, ndani ya jiji la Taichung, ambako ufundi wa saksafoni umekaa miaka mingi, watu wanarithishana. Soprano za kupinda zinazotoka huko, hasa zilizotumika, kwangu ndo jibu la mtu mwenye hela ya kawaida. Sio zote, lakini nyingi matundu yake yako mahali pake. Unayoikuta imetumika miaka kumi, vanishi imebanduka, pedi zimekakamaa, muuzaji anaona aibu, wewe unaona bahati.

Alafu kuna za China, nyingi zinatoka upande wa Tianjin, ndo hizi za dola 250 mpaka 450 mtandaoni. Kiwanda kimoja kinaweza kutoa chombo kile kile kikachorwa majina kumi tofauti, kwa hiyo jina lisikuumize kichwa, mapitio ya jina hilo mtandaoni nayo usiyategemee, maana ya mwaka jana na ya mwaka huu inawezekana hazikutoka mikono ile ile. Na sitaki mtu aseme nimezikandia. Nimepuliza mbili za hizi hizi kwa rafiki zangu, moja ilikuwa nzuri kweli kweli, ukiniuliza ningeinunua. Kinachoniuma ni kuziagiza bila kuzipuliza. Ukiagiza, agiza kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa, na piga hesabu ya nauli, ushuru na VAT ya asilimia 18 kabla hujasema ni rahisi.

Kuna na njia ya nne inayopendwa na wenye ndugu Marekani. Miaka ya 1920 Wamarekani walishikwa na homa ya saksafoni, na viwanda kama Buescher na Conn, wote wa mji wa Elkhart jimbo la Indiana, walitoa soprano nyingi sana za kupinda. Zingine bado zinauzwa huko kwa bei ya kuongeleka na sauti yake ni tamu ajabu. Ila zina mitego. Wakati ule kulikuwa na tyuni mbili, ya chini ambayo ndo yetu ya leo, A ikiwa mitetemo 440 kwa sekunde, na ya juu ambayo A ilikuwa 457. Ya juu huwezi kuishusha, chombo kizima ni kifupi, haitakaa na kibodi hata ufanyeje. Kwa hiyo mwambie shangazi aliyeko huko apige picha ya mgongo wa chombo, karibu na namba yake atafute herufi L au maneno ya Low Pitch, akikuta H au High asilipe. Pia walitengeneza soprano za C, atazame iwe ya Bb. Funguo za kidole kidogo cha kushoto zimepangwa kizamani, nyingi noti za juu zinaishia Eb au F, na mauthipisi za kisasa zenye tumbo dogo, yani uwazi wa ndani, zinazivuruga, zinataka yenye tumbo pana. Mimi ningeichukua kama chombo cha pili, cha kwanza hapana.

Kwenye mauthipisi nisiwachoshe. Ile iliyokuja ndani ya kesi weka pembeni. Yamaha 4C ni ya plastiki, bei yake ndogo, na mtu akiniambia ana hela ya kitu kimoja tu cha kuongeza ntamwambia hiyo. Mwenye zaidi atazame Selmer S80 C*, hapo utakaa miaka. Tofauti niliyoiona kwa kubadilisha mauthipisi ilikuwa kubwa kuliko kubadilisha chochote kingine. Ridi anza na namba 2 au 2 na nusu, wa alto waliozoea 3 msijitie ubabe, soprano ukiilazimisha kwa ridi ngumu unarudi kule kule kwenye kuuma. Na ridi za soprano hapa Dar hazipatikani hovyo kama za alto, kuna wakati nimezunguka Kariakoo siku nzima nikatoka mikono mitupu, kwa hiyo ukizikuta chukua boksi mbili. Ile ya plastiki ya Légère ni ghali lakini moja inakaa muda mrefu sana, mimi ninayo moja ya dharura ndani ya kesi.

Alafu jamani, maji. Ya kunyooka ukimaliza mate yanadondoka yenyewe, ya kupinda yanakusanyika kwenye kona ya chini na yanalowesha pedi. Kwa joto letu hili na hewa ya chumvi, pedi ikilala imelowa inanuka ndani ya wiki na ngozi inapasuka. Kitambaa chenye kamba na kirisasi mwisho, unadondosha risasi kwenye beli, unageuza chombo taratibu mpaka itokee upande wa shingo, unavuta. Kila siku. Hata kama umechoka na harusi imeisha saa saba usiku.

Ile nyekundu nilitaka kuirudisha, dukani wakakataa, wakasema imeshapulizwa. Nikaiuza kwa jamaa mwenye studio ya picha, alikuwa anataka kitu cha watu kushika wakipigwa picha, nikamwambia ukweli wote na akanipa laki tatu na nusu. Nikakaa miezi minane naweka hela za kazi. Hii niliyonayo sasa ni ya Taiwan, imetumika, ilikuwa ya mwalimu mmoja wa muziki aliyekuwa anahama nchi. Nilipoiona nilikaribia kuondoka, vanishi imetoka kama ukoko, funguo ya Eb imefungwa na mpira wa kufungia hela, pedi nne hazizibi. Bb ya chini haikutoka kabisa. Lakini nilifunga macho nikapiga D tatu, na nilipofungua nikakuta 0, 12, 14. C# imeshuka 8. Mwenyewe alikuwa ananiomba radhi kwa hali ya chombo, mimi moyo unanienda mbio nisionekane.

Alitaja milioni moja na laki nne, tukafika milioni moja na laki mbili. Mzee fundi akabadilisha pedi zote, koki mpya, springi tatu, laki moja na sabini. Siku ya kuichukua akaniwekea tena zile taa za Krismasi gizani, akafunga funguo moja moja kwa kugusa, na sikuona mwanga popote. Akaniambia mwanangu, sasa uma tena muwa.

Jumapili ile wimbo wa pili ulikuwa kwenye F. Niliiacha alto nyumbani makusudi nisije nikaogopa nikairudia. Ubeti wa kwanza nikakaa chini tu, nikiisikia beli hapa karibu na shavu, nikalegeza taya, na kwenye kiitikio nikapanda mpaka D ya kiganja nikaishikilia mizani yote minne. Nilikuwa namtazama mpiga kibodi. Hakugeuka.